Kwa Mbwa, Mzee Mwenye Fimbo Ni Mama

Video fupi za mbwa waliotiwa sauti ya mtu zimejaa kwenye simu zetu hapa Tabora. Mbwa amekaa, anatazama, na sauti inasema yale ambayo eti anayawaza kuhusu bwana wake. Watu wanacheka, wanatumiana, kesho yake inakuja nyingine. Utani huu naupenda na niko tayari kuutetea mbele ya wanaouona wa kipuuzi. Kinachoniudhi ni kwamba sehemu yake kubwa imeazimwa kwa watu wanaolala na mbwa kitanda kimoja, ikaletwa kama ilivyo na kuvalishwa mbwa anayelala kwenye jivu la mafiga kule Isevya. Nguo haimtoshi. Mwishowe anayechekwa si mbwa wetu wala si sisi wenye mbwa, na utani usiomgusa hata mmoja kati ya waliopo hauna kazi.

Watu wa huku tunajua utani ni nini. Wanyamwezi walitembea nao kwenye misafara mpaka pwani, wakajipatia watani njia nzima. Mtani anakuambia mbele za watu jambo ambalo ndugu yako hathubutu kuligusa, anachukua kuku wako na wewe hulalamiki, na ukifiwa anakuja kushika kazi za msibani huku akiendelea kukukejeli. Ruhusa yote hiyo inatokana na kukujua. Asiyekujua akisema maneno yale yale, ni matusi. Mbwa ni mtani wetu wa siku nyingi kuliko wote, ila hana mdomo wa kujibu. Kwa hiyo anayemsemea ana wajibu wa kumjua zaidi ya anavyomjua mtani anayeweza kumrudishia.

Chukua utani mmoja unaopendwa sana Marekani na Ulaya: mbwa anashangaa kwa nini kila asubuhi bwana wake anaokota kinyesi chake na kukiweka kwenye mfuko, anaamua kwamba bila shaka ni mali ya thamani. Kule unachekesha, maana watu hutembeza mbwa kwa mkanda kwenye miji ambayo sheria zake zinawadai waokote. Ulete Tabora uone unavyovunjika. Mbwa wa Kiloleni hatembezwi, hujitembeza mwenyewe alfajiri kabla magari hayajaanza. Hakuna anayemfuata nyuma. Na mfuko wenyewe wa plastiki umepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019. Mtu anaweza kuutafsiri utani ule neno kwa neno, lakini uwanja wa kuuchezea haupo.

Utani wa mbwa wa hapa uanze wapi? Uanze na pua, kwa sababu mbwa naye anaanzia hapo. Mtu ana vipokezi vya harufu kama milioni 5 au 6; mbwa ana kati ya milioni 200 na 300. Akitoa pumzi, hewa hupitia kwenye vijipasuo vya pembeni mwa pua, ile ya mbele inaendelea kuingia, hivyo anaweza kunusa mfululizo bila kukatiza. Macho yake ni dhaifu kuliko yetu mchana. Kitu ambacho mtu hukiona vizuri akiwa mita 23, mbwa hulazimika kukisogelea hadi mita 6 hivi. Kwa hiyo ukimuuliza mbwa wa Urambo bwana wake ni nani, hatakuambia ni mrefu au mfupi, mweusi au maji ya kunde. Atakuambia ni yule wa tumbaku. Wakati wa kukausha, mkulima akiamka usiku kuchochea moto wa bani (banda la kukaushia majani), anarudi na moshi wa kuni na utomvu wa majani vidoleni, na harufu hiyo ndiyo jina lake. Mbwa wa Ujiji naye anamjua mama mwenye nyumba kwa mawese na dagaa. Anayefua kwa sabuni ya mche ni mtu wa tatu. Mtoto anayerudi shule ni chaki na jasho. Video inayomfanya mbwa amsengenye bwana wake kwa kitambi au upara imeshapotea njia. Kitambi mbwa hana habari nacho. Anachokijua, na ambacho mke hakijui, ni kwamba suruali hii leo imeegemewa na mbwa mwingine.

Utani wa aina hiyo unahitaji mwandishi aangalie kwa karibu. Fikiria mrina asali wa Sikonge anayerudi nyumbani baada ya wiki mbili porini. Kichwani kofia pana yenye chandarua, mikononi ndoo mbili, nguo zimeshiba moshi wa kufukizia nyuki. Mbwa anamwona mita 40 kutoka uani na anabweka kwa sauti nzito, manyoya ya mgongo yamesimama kuanzia mabegani hadi kwenye shina la mkia. Mwanamume anasimama, ameumia: "Hata wewe umenisahau?" Upepo unageuka. Mbweko unakatika katikati, nusu yake ya pili inatoka kama mlio wa kitoto. Masikio yanalala nyuma, mkia uliokuwa umekakamaa unashuka na kuanza kupiga huku na huku mpaka kiuno nacho kinafuata. Anakuja mbio, lakini haendi usoni. Ananusa kiatu, anapanda kwenye goti, anaingiza pua kwenye kiganja na kukaa hapo muda mrefu. Ndani ya dakika hiyo anasoma wiki mbili zote: nta, moshi, nyama iliyokauka, watu wageni. Mwandishi wa vichekesho akilikosa tukio hili akakimbilia kumfanya mbwa aseme "umenenepa bosi", ametupa dhahabu akaokota kokoto.

Jambo la pili ambalo ni letu kabisa ni majina. Wazungu wamekuwa wakiwapa mbwa majina ya kupendeza, na sisi tuna akina Simba, Popi na Jimi. Lakini tuna pia desturi ya kumpa mbwa jina la kumsemea jirani: Mtasema, Mtajua Wenyewe, Wivu, Sina Habari. Mwenye mbwa anasimama uani jioni na kuita kwa sauti ya kuvuka uzio, "Mtajua Wenyewe! Njoo hapa!" na ujumbe unafika ulikokusudiwa. Huu ni ufundi wa kejeli ambao hauna haja ya kuazima kitu kwa mtu. Ila utani wake bado uko nusu, kwa sababu hakuna anayeuliza mbwa anasikia nini.

Mwaka 2016 kundi la mtafiti Attila Andics la Budapest, Hungaria, liliwazoeza mbwa kulala bila kutikisika ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, kisha likawasikilizisha maneno ya sifa na maneno ya kawaida, kwa sauti ya kusifu na kwa sauti ya kawaida. Sehemu ya ubongo inayohusika na furaha iliamka pale tu neno la sifa lilipotamkwa kwa sauti ya sifa. Kwa mbwa, maneno na sauti lazima vikubaliane. Sasa mrudie yule anayemwita mbwa wake kwa hasira iliyokusudiwa jirani. Jina refu la silabi saba, limetamkwa kwa ukali, kichwa cha mwitaji kimeelekea uzioni. Mbwa anasikia ugomvi, anaona uso haumwangalii yeye, analala chini au anajisogeza nyuma ya banda. Mwenyewe anasema mbwa huyu ni jeuri. Jirani ameitwa mara tatu jioni moja, mbwa hajaitwa hata mara moja. Anayetaka mbwa aje ampe jina fupi, silabi mbili, alitamke kwa sauti ya juu ya furaha, na kwa siku kumi za mwanzo kila mbwa akija apewe kitu kidogo cha kula. Anayetaka kumsema jirani aendelee na jina refu, lakini asimlaumu mbwa. Sijaona bado video inayoonyesha jambo hili kutoka upande wa mbwa, na nina hakika mtaa mzima wa Ng'ambo ungeangua kicheko.

Kwenye rangi sitakaa sana. Mbwa huona vizuri bluu na njano. Nyekundu kwake ni kama kahawia iliyofifia, na juu ya majani mabichi haimtokei. Mpira mwekundu uliotupwa kwenye majani ya masika ataupata kwa pua. Kwa hiyo utani wa mbwa anayejivunia utepe mwekundu shingoni ni wa mwenye utepe.

Sasa nifike kwenye kiini. Mzizi wa utani mwingi wa kigeni ni kwamba mbwa humwona binadamu kama mungu. Katika miji kama Tabora na Ujiji, yenye misikiti na makanisa ya zamani, maneno hayo yanakwaza watu, na wana haki ya kukwazika. Lakini hata ukiiweka imani pembeni, utani huo umekosea kuhusu mbwa. Mwaka 1998, huko huko Budapest, József Topál na wenzake walichukua kipimo kinachotumiwa kwa watoto wachanga na mama zao, wakakitumia kwa mbwa na wenye mbwa. Mbwa anaingia chumba kigeni na bwana wake, mgeni anaingia, bwana anatoka, bwana anarudi. Bwana akiwepo, mbwa huzurura na kucheza, hata na mgeni. Bwana akitoka, mbwa husimama mlangoni. Akirudi, mbwa humkimbilia, anatulia, halafu anaendelea na michezo yake. Ndivyo anavyofanya mtoto wa mwaka mmoja kwa mama yake.

Hapo pana kichekesho cha kweli, na ni cha kwetu zaidi kuliko cha wanaovisha mbwa masweta. Mzee wa makamo, mwenye fimbo, sauti ya kukoroma, anayeogopwa na watoto wa mtaa mzima na anayesema hadharani kwamba mbwa ni mnyama tu wa kulinda mali: machoni pa mbwa wake, mzee huyo ni mama. Akitoka kwenda barazani mbwa anahangaika, akirudi dunia imetengenea. Mzee hajui kwamba amebeba cheo hicho. Anayejua kutania akimkalisha mzee huyo kwenye kiti chake cha uvivu, mbwa amelaza kidevu juu ya ndala yake, na sauti ya mbwa ikasema kwa utulivu "mama amechoka leo", amemgusa mzee, amewagusa watoto wake, na hajamsingizia mbwa.

Yale mapokezi ya mlangoni nayo yana kipimo chake. Utani wa kawaida husema ukitoka dakika tano mbwa anadhani umepotea miaka mitano. Nchini Sweden, mwaka 2011, watafiti waliwaacha mbwa peke yao kwa nusu saa, saa 2 na saa 4. Walioachwa saa 2 walipokea kwa shangwe kubwa kuliko walioachwa nusu saa, lakini kati ya saa 2 na saa 4 tofauti haikuonekana. Mbwa, basi, anahesabu, ila hesabu yake ina dari. Utani ulio sahihi ungesema: bwana aliyekwenda Cheyo kunywa chai atapata mkia, aliyekwenda sokoni asubuhi nzima atapata mwili mzima, na aliyekwenda kusubiri treni ya Kigoma mpaka jioni atapata kile kile alichopata wa sokoni. Hapo kuna mantiki, na kicheko hukaa vizuri juu ya mantiki.

Kosa kubwa kuliko yote, na ambalo linaniuma, ni video za mbwa mwenye hatia. Nyama ya sikukuu imepotea, mwenye nyumba anashika simu, anamfokea mbwa, na mbwa anainamisha kichwa, analamba pua, anageuza uso, weupe wa jicho unaonekana pembeni. Chini yanaandikwa maneno: anajua alichofanya. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa New York alilipima jambo hili, na kipimo chake mtu anaweza kukifanya uani kwake kwa vipande viwili vya nyama na msaidizi mmoja. Mwenye mbwa anaweka kipande juu ya kigoda, anamwambia mbwa aache, anatoka nje ya uzio asikoweza kuchungulia. Msaidizi anayebaki, safari moja anampa mbwa kipande kile, safari nyingine anakiondoa mwenyewe. Kisha anamwita mwenye mbwa na kumwambia "amekula" au "hajala" bila kufuata kilichotokea. Akiambiwa amekula, mwenye mbwa anafoka. Akiambiwa hajala, anamsalimia kwa furaha. Rudia mpaka michanganyiko yote minne ipite. Kipimo kinaharibika mwenye mbwa akichungulia, au mbwa akiwa ameshiba, kwa hiyo fanya kabla ya mlo.

Horowitz alikuta kwamba uso wa hatia haukufuata wizi hata kidogo. Ulifuata ufokaji. Na waliouonyesha zaidi ni wale ambao hawakula kitu wakafokewa bure. Uso ule ni wa mnyama anayeomba ugomvi uishe. Watu wanapocheka video ile wanacheka hofu, na mara nyingi nyama imechukuliwa na paka. Sisemi utani wa nyama iliyopotea ufutwe. Nasema ugeuzwe: mbwa asiye na kosa anahukumiwa na mahakama ya jikoni, shahidi ni paka aliyeketi juu ya gunia la mkaa akijilamba makucha. Kila mtu aliyewahi kusingiziwa kwenye kikao cha ukoo atamtambua mbwa huyo mara moja.

Kuna utani mwingine ambao hauhitaji hata kutungwa, upo getini. Nyumba nyingi za mjini zimeandikwa MBWA MKALI, na ndani mna mbwa amefungwa mnyororo mchana kutwa. Muuza maziwa anapita na baiskeli, mbwa anabweka, muuza maziwa anaenda zake. Mbuzi wanapita, anabweka, wanaenda zao. Bodaboda inapita, vivyo hivyo. Sisi tunajua walikuwa wanapita tu. Mbwa anajua jambo moja: amebweka, wameondoka. Kila siku anashinda mara hamsini na hajawahi kushindwa, ndiyo maana kubweka kunazidi mwaka hadi mwaka na kumfokea hakusaidii. Sauti ya bwana inayopanda kutoka ndani anaichukua kama msaada wa jeshi. Dawa yake ni ya kimatendo. Hamisha banda litoke mstari wa kuona barabara, mpe kamba ndefu inayoteleza kwenye waya badala ya mnyororo wa mita moja, na mfungue aende na mtu nusu saa asubuhi. Livingstone, yule wa Ujiji na Kwihara, alikuwa na mbwa mdogo aitwaye Chitane aliyejitwalia usimamizi wa msafara mzima. Alikuwa akikimbia mbele kumwona wa kwanza, kisha anarudi nyuma kumbwekea wa mwisho asilegee. Alizama wakati wa kuvuka kinamasi Januari 1867, miaka miwili kabla bwana wake hajafika Ujiji, na Livingstone aliandika juu yake kwa majonzi. Mbwa anayeamini kwamba kazi yote inakwenda kwa sababu yake ni mhusika wa vichekesho anayeishi kila uani. Na maofisini wamo watu wengi wa namna hiyo.

Chakula ndipo tunapotofautiana zaidi na utamaduni wa mbwa wa kudekezwa. Huko mbwa anafanyiwa keki ya siku ya kuzaliwa, na huku vijana wameanza kuiga kwa ajili ya picha. Keki yenye chokoleti ni sumu kwa mbwa; vivyo hivyo zabibu, kitunguu na utamu wa bandia uitwao xylitol unaowekwa kwenye baadhi ya bazoka. Mbwa wa kwetu amekua na ugali, na hilo nalo lina historia ndefu. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Erik Axelsson wa Sweden walionyesha kwamba mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni ya kumeng'enya wanga kuliko mbwamwitu. Aliishi na watu wanaokula nafaka mpaka tumbo lake likafanana na lao. Video inayomwonyesha mbwa wa Tabora akiona ugali kama adhabu inamsingizia. Adhabu ni ugali mtupu. Mbwa wa kilo 15 anahitaji kwa siku ugali kama nusu kilo na dagaa wakavu konzi mbili hivi, wa mwalo wa Kibirizi wakipatikana, waliooshwa chumvi na mchanga. Mifupa ya kuku iliyopikwa isiingie, huvunjika kwa ncha kali na kuchoma utumbo. Na sufuria yake iwe moja, mahali pamoja, saa ile ile, kwa sababu mlio wa mwiko kwenye sufuria hiyo utakuwa saa yake ya ukutani.

Anayetaka kutunga utani wa mbwa aketi kwanza kwenye kigoda kifupi, macho yake yawe sentimeta 50 hivi kutoka chini, akae uani robo saa bila kusema. Ataona ndoo kwa ubavu, miguu ya watu hadi magotini, uvungu wa meza. Kisha achague mbwa mmoja na uani mmoja. Mbwa wa jumla hachekeshi. Aandike kwanza harufu, halafu mlio, mwisho kinachoonekana. Aondoe kila jambo ambalo mbwa hangeweza kulijua: mshahara, siasa, mpira, umri wa mtu. Kinachobaki akipe sauti ya Kiswahili cha nyumba hiyo hiyo, maana mbwa aliyekulia Kakonko hawezi kuzungumza kama kijana wa Masaki. Mbwa awe sahihi ndani ya anachokijua, na bwana ndiye awe amekosea. Sentensi tano au sita zinatosha. Utani ukizidi hapo mbwa anaanza kuhutubia, na hapo mwandishi ndiye anayesikika.

Kuna mambo yasifanywe kwa ajili ya video hata kama yanaleta watazamaji: kumpulizia mbwa usoni, kumkumbatia kwa nguvu, kumtoa chakula mdomoni. Dalili za kuuma hutangulia, mwili unakauka, mdomo unafumba ghafla, jicho linaonyesha weupe, na aliyeshika simu anaangalia kioo badala ya mbwa. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima. Mbwa naye achanjwe kichaa akifika miezi mitatu na arudiwe kila mwaka. Daktari wa mifugo wa kata anajua ratiba. Katika nyumba za Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi nzito yenye taratibu zake za kuosha, na mbwa wa ulinzi hukaa nje. Utani unaomwingiza sebuleni na kumlambisha mtu uso haumfurahishi mwenye nyumba hiyo. Uache mbwa aione nyumba kutoka uani, huko ndiko anakoijulia.

Wapo watakaosema kumpa mbwa mawazo ni uongo tangu mwanzo. Hoja hiyo ilishapigwa Kigoma. Mtafiti Jane Goodall alifika Gombe 14 Julai 1960, akawapa sokwe majina badala ya namba, na alipokwenda Cambridge akaambiwa amekosea, wanyama hawana nafsi za kuelezwa hivyo. Hakukubali, na mpaka alipofariki 1 Oktoba 2025 alirudia kusema kwamba mwalimu wake wa kwanza wa jambo hilo alikuwa mbwa aitwaye Rusty, aliyemjua utotoni Uingereza, na ambaye hata hakuwa wa kwao. Lakini Goodall alikaa miezi mingi mlimani akitazama kabla ya kusema sokwe anataka nini. Kumpa mnyama nafsi ni halali. Kumpa nafsi ya mtu mwingine, wa mji mwingine, ndiko ninakokukataa.

Mfano wa utani unaoweza kusimama uani Urambo ni huu, mbwa akisema mwenyewe:

"Mama yangu ananuka tumbaku na ana ndevu. Asubuhi anachukua jembe, ananiachia nyumba na mbuzi. Wote wanaopita barabarani nawafukuza, na wote wanakwenda. Jioni mama anarudi na mbwa wa Kaliua kwenye goti la suruali, simuulizi. Anasimama uzioni anapiga kelele, nalala chini mpaka amalize na jirani. Kisha mwiko unagonga sufuria."